Bastola ya Pat Garrett na Karatasi Zilizoipandisha Bei

Tarehe 27 Agosti 2021, katika mnada uliofanyika Los Angeles, bastola moja kuukuu iliuzwa kwa dola za Marekani 6,030,313. Ni ile ambayo Pat Garrett, sherifu (ofisa mkuu wa kulinda sheria katika kaunti) wa New Mexico, alimuulia jambazi Billy the Kid mwaka 1881. Kampuni ya mnada, Bonhams, ilikuwa imeikadiria kati ya dola milioni 2 na milioni 3. Kabla ya siku hiyo hakuna silaha ya moto iliyowahi kufika bei hiyo mnadani. Rekodi iliyotangulia, ya mwaka 2002, ilikuwa ya jozi ya bastola za George Washington, nayo haikufika hata dola milioni 2.

Ukiiweka bastola hiyo mezani pamoja na nyingine kumi za aina yake, huwezi kuitambua. Ni Colt ya silinda yenye nafasi sita za risasi, mtutu wake inchi saba na nusu, na rangi ya chuma imechujuka kwa kushikwa na kuvaliwa kiunoni. Kiwanda cha Colt, kilichokuwa Hartford katika jimbo la Connecticut, kilianza kutoa muundo huu mwaka 1873, na hadi Vita Kuu ya Pili ya Dunia kilikuwa kimetengeneza zaidi ya 350,000. Nyingi bado zipo. Ile ya kawaida, isiyofungamana na jina la mtu yeyote, unaipata kwa maelfu kadhaa ya dola. Sasa hizo milioni sita zimetoka wapi?

Zimetoka kwenye karatasi. Mtu yeyote aliyewahi kununua kiwanja anaielewa habari hii hata kama hajashika bunduki maishani mwake. Udongo wa kiwanja chenye hati safi na udongo wa kiwanja chenye maneno ni uleule. Unacholipia ni mfululizo wa majina: nani alimuuzia nani, lini, na mbele ya shahidi gani. Silaha za majambazi na masherifu wa Magharibi ya Marekani hununuliwa hivyohivyo. Tofauti ni moja tu, nayo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya: kwenye kiwanja mgogoro hushusha bei, lakini kwenye silaha hizi mgogoro uliofika mahakamani mara nyingi ndio unaozaa hati bora kuliko zote.

Kutoka Stinking Springs hadi ukutani kwa Tom Powers

Hebu tuifuate bastola ya Garrett hatua kwa hatua, kwa sababu ndiyo mfano ulio kamili.

Desemba 1880, Pat Garrett na watu wake walilizingira genge la Billy the Kid katika kibanda cha mawe mahali paitwapo Stinking Springs, New Mexico. Genge lilijisalimisha. Mmoja wa waliokamatwa aliitwa Billy Wilson, na Garrett akamnyang'anya bunduki ya Winchester pamoja na bastola ya Colt. Bastola hiyo ndiyo hii. Kwa hiyo kabla ya kuwa ya sherifu, ilikuwa ya jambazi.

Billy the Kid alihukumiwa kunyongwa, lakini tarehe 28 Aprili 1881 akatoroka kutoka jengo la mahakama mjini Lincoln baada ya kuwaua walinzi wawili. Garrett alimsaka. Usiku wa Julai 14 mwaka huohuo alikwenda Fort Sumner, akaingia chumbani kwa mwenyeji mmoja aliyeitwa Pete Maxwell, akaketi karibu na kitanda kumuuliza habari. Kid naye akaingia chumba hichohicho, bila viatu, ameshika kisu cha kukatia nyama. Giza lilikuwa nene. Alihisi kuna mtu asiyemjua, akauliza kwa Kihispania, "Quién es?" yaani "Ni nani?" Garrett aliitambua sauti. Alifyatua mara mbili, na risasi ya kwanza ikampata kifuani.

Mambo ya usiku ule yamesimuliwa mara nyingi na kwa namna nyingi. Kwa mkusanyaji swali ni dogo na gumu zaidi: tunajuaje kwamba bastola iliyofyatuliwa chumbani kwa Maxwell ndiyo hii yenye namba 55093?

Mwanzoni mwa miaka ya 1900 Garrett alikuwa ofisa wa forodha mjini El Paso, Texas. Rafiki yake Tom Powers alikuwa na baa iliyoitwa Coney Island, na ukutani alitundika silaha za watu mashuhuri wa mpakani ili wateja wanywe huku wakizitazama. Garrett alimwazima bastola yake, na mwaka 1906 akaandika barua ya kueleza silaha hiyo ni ipi na aliipata wapi. Urafiki huo ulimponza. Alimtambulisha Powers kwa Rais Theodore Roosevelt kama mfugaji wa ng'ombe, rais akaja kuambiwa kwamba yule bwana ni mwenye baa na kamari, na Garrett hakuteuliwa tena. Mwaka 1908 aliuawa kwa risasi barabarani karibu na Las Cruces. Bastola ikabaki ukutani kwa Powers.

Hapo anaingia mtu ambaye kwangu mimi ndiye shujaa wa habari hii: Apolinaria Gutiérrez Garrett, mjane. Powers alipofariki, wasimamizi wa mirathi yake waliihesabu bastola miongoni mwa mali zake. Mama huyu alikataa. Msimamo wake ulikuwa kwamba mume wake aliiazima tu, hakuigawa wala hakuiuza. Kesi ikaenda mahakamani Texas, ushahidi ukatolewa, na mwaka 1934 akashinda na kurudishiwa bastola ya mumewe, robo karne na zaidi baada ya kumzika.

Fikiria kesi hiyo inamfanyia nini mnunuzi wa 2021. Pande mbili zilizokuwa zinagombana, kila moja ikiwa na sababu ya kuubomoa ushahidi wa mwenzake, zilibishana kuhusu nani ana haki ya kumiliki chuma hiki. Utambulisho wa silaha ukawekwa kwenye kumbukumbu za mahakama wakati ambapo watu waliomfahamu Garrett bado walikuwa hai. Kuanzia hapo bastola ilikaa katika familia, ikauzwa, na baadaye ikaingia kwa wakusanyaji wa Texas, mume na mke, ambao mkusanyiko wao ndio uliopigwa mnada. Hakuna pengo. Milioni sita zile zimelipwa kwa kukosekana kwa pengo.

Barua ya kiwanda

Watu wengi wanaoanza kukusanya hudhani uthibitisho unapatikana kiwandani. Ni kweli nusu.

Colt waliandika kwenye vitabu vikubwa vya mkono kila bastola iliyotoka: namba yake, kipimo cha risasi, urefu wa mtutu, rangi ya chuma, aina ya mpini, tarehe ya kusafirishwa na jina la aliyepelekewa. Hadi leo ukilipa ada, hifadhi ya nyaraka ya Colt itafungua kitabu na kukuandikia barua rasmi yenye maelezo hayo. Kumbukumbu za Winchester zinatunzwa katika makumbusho ya silaha mjini Cody, Wyoming, nazo zinatumika kwa namna hiyohiyo, ingawa si kwa kila muundo wala kila namba. Vilevile mnamo Februari 1864 moto mkubwa uliteketeza sehemu ya kiwanda cha Colt pamoja na nyaraka nyingi, na wenye bastola za miaka ya mwanzo mara nyingi hawana pa kuuliza.

Lakini barua ya kiwanda inasema silaha ilikwenda wapi ilipotoka mlangoni. Katika miaka ya 1870 na 1880 shehena kubwa zilikwenda kwa wauzaji wa jumla wa New York, St. Louis au Cincinnati, hamsini kwa pamoja, mia kwa pamoja. Kutoka hapo bastola ilipita kwa mwenye duka mdogo, kisha kwa mchunga ng'ombe, kisha kwenye meza ya kamari, kisha kwa mtu uliyemsoma vitabuni, na hatua hizo zote kiwanda hakizijui. Barua inaweza kuua madai, kwa mfano ikionyesha kwamba bastola ilitoka kiwandani mwaka mmoja baada ya mtu anayetajwa kufa. Kuyathibitisha peke yake ni nadra sana.

Nadra, ila hutokea. Bat Masterson, aliyewahi kuwa sherifu huko Dodge City, Kansas, aliagiza bastola kadhaa moja kwa moja kiwandani. Barua yake ya Julai 24, 1885, iliyoandikwa kwenye karatasi ya baa ya Opera House ya Dodge City, ipo hadi leo. Anataka Colt ya .45 iliyopakwa nikeli, kifyatulio kiwe laini, mtutu uwe mfupi, na shabaha ya mbele iwe ndefu na nene kidogo kuliko ya kawaida. Unaposoma maelekezo hayo unamwona mtu anayeijua kazi yake, kama fundi seremala anayeagiza randa. Bastola ikipatikana yenye namba ya oda hiyo, na mtutu na shabaha vikiwa kama alivyotaka, basi kiwanda kimesema karibu kila kitu.

Masterson huyohuyo ndiye anayetajwa kila mara wazungumzao habari za udanganyifu wanapokutana. Uzeeni alihamia New York akawa mwandishi wa habari za michezo, na alifariki Oktoba 1921 akiwa mezani kwake gazetini. Inasimuliwa kwamba wakusanyaji walimsumbua awauzie bastola yake "ile yenyewe", naye akawa anakwenda duka la rehani, ananunua Colt kuukuu ya bei poa, anachonga chale kwenye mpini, chale moja kwa kila mtu aliyeuawa kwa mujibu wa hadithi, kisha anaiuza. Kama ni kweli, basi zipo mahali fulani bastola zilizotoka mkononi mwa Masterson kwa haki kabisa, lakini hazikuwahi kufyatuliwa naye.

Hata mama wa jambazi Jesse James, Zerelda, anasimuliwa kufanya biashara ya aina hiyo. Mwanawe aliuawa St. Joseph, Missouri, Aprili 3, 1882, na watu wakaanza kufika shambani kuona kaburi. Bibi huyo alikuwa amepoteza mkono katika shambulio la wapelelezi wa kampuni binafsi ya Pinkerton mwaka 1875 na maisha yalikuwa magumu. Aliwauzia wageni kokoto za juu ya kaburi kwa senti 25, na zikiisha akajazia nyingine kutoka kijitoni. Bunduki kuukuu nazo, inasemwa, ziliuzwa shambani hapo kama "za Jesse". Simlaumu. Ila ndiyo maana maneno "familia yenyewe ilisema" hayatoshi, hata pale familia ilipotia saini.

Kwa nini silaha ya jambazi ni ngumu kuthibitisha kuliko ya sherifu

Sherifu alikula kiapo, akapokea mshahara, akaandika ripoti, akapigwa picha na wenzake mbele ya ofisi. Jambazi alijitahidi asiache alama. Alitumia majina ya uongo, aliiba silaha badala ya kuzinunua, na bunduki iliyomletea mashaka aliitupa au akaibadilisha na farasi. Clyde Barrow, jambazi wa miaka ya 1930, aliiba bunduki zake kali kutoka maghala ya jeshi la akiba. Risiti ya mali ya wizi haipo.

Matokeo yake ni kwamba silaha za majambazi zenye ushahidi imara karibu zote zimepita mikononi mwa polisi. Zinaingia kwenye historia siku mwenyewe anapokamatwa au kuuawa. Bastola ya Billy Wilson isingejulikana na mtu kama Garrett hakumnyang'anya. Bunduki ya mitutu miwili iliyotengenezwa na Whitney, ambayo Kid alimuulia mlinzi Bob Olinger siku ya kutoroka Lincoln, iliuzwa kwenye mnada uleule wa 2021 kwa dola 978,313. Nayo ilikuwa ya Olinger mwenyewe. Kid aliichukua ofisini akamsubiri mwenye nayo dirishani, ghorofani.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Clyde Barrow na mwenzake Bonnie Parker. Waliuawa Mei 23, 1934, kwenye barabara ya vumbi katika Bienville Parish, Louisiana, na kikosi kilichoongozwa na Frank Hamer, askari mstaafu wa Texas Rangers, kikosi cha polisi cha jimbo la Texas. Gari lilikuwa limejaa silaha. Hamer alikuwa ameahidiwa na wakubwa wake kwamba yeye na wenzake wangeweza kuchukua kitakachokutwa ndani yake, na sehemu ya silaha hizo zikawa zake. Mama yake Clyde alimwandikia Hamer akitaka arudishiwe bunduki, akamkumbusha kwamba mwanawe hakuwahi kutiwa hatiani na mahakama yoyote kwa kosa la mauaji. Mwezi Septemba 2012 kampuni ya RR Auction iliuza bastola iliyotajwa kuwa ilitolewa kiunoni mwa Clyde kwa dola 240,000, na ile ndogo ya .38 iliyotajwa kuwa ilikuwa imefungwa kwa utepe pajani mwa Bonnie kwa dola 264,000.

Mimi nikisoma barua ya mama yule huwa nasita. Mali ya mtu aliyeuawa bila kufikishwa mahakamani ni ya nani? Ya familia, ya serikali, au ya aliyefyatua risasi? Wakati ule aliyefyatua ndiye aliyeondoka nayo, na hati nyingi nzuri za wakusanyaji wa leo zinaanzia kwenye hilo. Na waliouawa na silaha hizo walikuwa na watoto. Sisemi zisikusanywe. Nasema mtu akishika bunduki ya Whitney ile, jina la Bob Olinger linastahili kutajwa sambamba na la Billy the Kid.

Kuna pia kisa cha John Selman, konstebo wa El Paso aliyemuua jambazi John Wesley Hardin ndani ya baa ya Acme, Agosti 19, 1895. Miezi michache baadaye Selman naye akapigwa risasi na ofisa mwingine, George Scarborough, aliyedai kwamba Selman alitaka kuchomoa bastola. Lakini kwenye mwili hapakuwa na bastola. Scarborough alishtakiwa kwa mauaji, na kamba ilikuwa inamkaribia, hadi akakamatwa mwizi aliyekuwa ameiokota bastola ile katika msukosuko. Kesi ikaanguka. Tunarudi palepale: wizi na mashitaka vilifanya bastola itafutwe, ipatikane na iandikwe. Ingelikwenda nyumbani kwa mjane kimyakimya, pengine leo ingekuwa mojawapo ya Colt za bei ya kawaida.

Macho ya anayekagua

Karatasi zikishakaguliwa, chuma nacho huulizwa maswali. Namba ya Colt ya silinda hugongwa sehemu zaidi ya moja: kwenye fremu, kwenye kikingio cha kifyatulio na kwenye uti wa nyuma wa mpini. Zisipolingana, bastola imeunganishwa kutoka kwa zaidi ya moja. Namba ikisuguliwa kwa tupa na kugongwa nyingine, chuma hakisahau: pale nyundo ilipopiga mara ya kwanza chembe za ndani zilibanwa, na asidi ya maabara inaweza kuonyesha kivuli cha tarakimu za zamani.

Jina lililochongwa ndilo mtego mkubwa. Chukua lenzi ukatazame ndani ya mfereji wa herufi. Kwenye bastola ya nikeli iliyochongwa kiwandani, nikeli imeshuka hadi chini ya mfereji, kwa sababu kuchonga kulitangulia kupaka. Ukikuta kingo za nikeli zimekatwa na ndani chuma ni tupu, jina liliongezwa baadaye. Huenda ni zawadi halali ya mwaka uliofuata, huenda ni kazi ya fundi wa mwaka jana. Uchakavu nao huongea. Bastola iliyovaliwa kwenye ala ya ngozi huliwa kwenye ncha ya mtutu na kingo za silinda, na herufi zilizochongwa kabla ya uchakavu huo zitakuwa zimelika pamoja na jirani zake. Herufi kali juu ya chuma kilichochoka hazikuzaliwa siku moja nacho.

Picha za zamani husaidia, lakini nazo zina hila yake. Picha maarufu ya Billy the Kid, iliyouzwa mwaka 2011 kwa dola milioni 2.3, ni ya bati, na picha za bati hutoka zimegeuzwa kama kwenye kioo. Kwa miaka mingi watu waliona bastola upande wa kushoto wakaamini Kid alitumia mkono wa kushoto. Aliyewasahihisha ni mtu aliyeijua bunduki: Winchester ya 1873 aliyoishika Kid ina mlango wa kuingizia risasi upande wa kulia, na pichani mlango huo uko kushoto. Basi picha nzima imegeuka, na bastola ilikuwa kuliani.

Hadithi nyingine ziliingia kwenye chuma kwa njia ya kinyume. Wasifu wa Wyatt Earp, mlinda sheria mashuhuri wa Magharibi, uliochapishwa 1931 ulidai kwamba mwandishi wa riwaya Ned Buntline aliwazawadia masherifu watano wa Kansas bastola za Colt zenye mtutu wa inchi 12. Katika vitabu vya Colt oda hiyo haionekani. Lakini hadithi iliwapendeza watu, televisheni ikaikuza, na mwaka 1957 Colt wenyewe wakaanza kutengeneza na kuuza bastola ya mtutu mrefu iliyoitwa Buntline Special. Ukionyeshwa moja, angalia mwaka kwanza.

Kuhusu Earp mwenyewe nitasema kidogo tu. Aprili 2014 bastola iliyodaiwa kuwa yake iliuzwa Scottsdale, Arizona, kwa dola 225,000. Bastola hiyo ilitoka kwenye mkusanyiko wa mtafiti ambaye sehemu ya kazi zake kuhusu familia ya Earp ilikuja kuonekana kuwa ya kubuni. Linganisha bei hiyo na ya Garrett, na ukumbuke kwamba jina la Earp linajulikana duniani kuliko la Garrett. Soko lenyewe lilipima.

Mara nyingine soko hukataa kabisa. Novemba 2013 Bonhams walipeleka mnadani San Francisco bastola ndogo ya Smith & Wesson iliyoelezwa kuwa Wild Bill Hickok, mlinda sheria na mcheza kamari mashuhuri, alikuwa nayo siku alipopigwa risasi kisogoni akicheza karata mjini Deadwood, Agosti 2, 1876. Dau lilifika dola 220,000 likasimama, chini ya kiwango ambacho muuzaji angekubali. Bastola ikarudi nyumbani.

Sheria na ada, kwa ufupi

Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani, silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla huhesabiwa kama ya kale, na haibanwi na masharti ya uuzaji yanayobana silaha za kisasa, ingawa majimbo yana sheria zao. Ndiyo maana Colt ya Garrett inauzwa kirahisi kuliko bastola ya Al Capone, jambazi wa Chicago, ambayo ni ya karne ya 20. Bunduki za rashasha za enzi ya Capone na Barrow ni jambo zito zaidi: tangu 1934 lazima ziwe zimesajiliwa serikalini, na ambayo haikusajiliwa hairuhusiwi kumilikiwa na mtu binafsi, hata iwe na jina gani.

Na usiichanganye bei ya nyundo, yaani dau la mwisho mnadani, na bei ya kulipa. Bastola ya Capone, iliyouzwa na wajukuu zake huko Sacramento Oktoba 2021, iligongewa dola 860,000. Ukiongeza ada ya mnunuzi inavuka milioni moja. Anayekwambia moja ya tarakimu hizo hakudanganyi, ila muulize ni ipi.

Winchester iliyosahaulika

Novemba 2014 wafanyakazi wa hifadhi ya Great Basin, Nevada, walikuwa wakitafuta mabaki ya kale mlimani. Mmoja wao akaona bunduki imesimama, imeegemea mti wa juniper, jamii moja na mtarakwa wetu wa nyanda za juu. Mtutu ulikuwa umeshika kutu ya kahawia, mbao zimepauka kijivu kama gome la mti, na kitako kilichopasuka kilikuwa kimezama ardhini. Mtu aliiegemeza pale akaenda zake, au akaenda asirudi.

Ilikuwa Winchester ya muundo wa 1873, na namba yake ilisomeka. Huko Cody vitabu vilifunguliwa: ilitengenezwa na kutoka ghalani mwaka 1882. Jina la aliyepelekewa halikuandikwa. Mwaka huo Winchester walitengeneza zaidi ya 25,000 za muundo huo, na bei ilikuwa imeshuka kutoka dola 50 hadi 25, kwa hiyo mfugaji au mchimba madini wa kawaida angeweza kuimudu. Hospitalini iliwekwa kwenye eksirei kama mgonjwa, na ikaonekana haina risasi ndani ya mtutu, ila katika tundu la kitako, pale panapowekwa vifaa vya kusafishia, kulikuwa na risasi moja ya aina iliyotengenezwa kati ya 1887 na 1911.

Wahifadhi waliimarisha mbao zisiendelee kubanduka, na kutu wakaiacha ilivyo. Watu walijitolea kupekua magazeti na barua za zamani za Nevada wakitafuta mtu aliyepoteza bunduki mlimani, na jina halikupatikana. Imerudishwa hifadhini, wageni wanaitazama.